Kengele ya Futari Kabla ya Mnyusi

Siku nilipokabidhi funguo, mmoja wenu vijana wa behewa aliniuliza kama kuna jambo la kazi ambalo halimo kwenye kitabu cha kanuni. Nikamjibu kuwa yapo mawili matatu, nitayaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo tele, hata mke wangu analalamika kwamba nimemjazia nyumba. Basi nimetoka barazani hapa Ngamiani, Tanga, na daftari la mjukuu, naandika. Habari za vyeo mtanisamehe. Vyangu mnavijua, na vyote kwa pamoja havijazi mstari mmoja.

Nianze na njia yenyewe, kwa sababu wengi wenu mmeikuta imekatika vipande. Reli ya Tanga ni ya zamani sana. Wajerumani waliianza hapa mjini, wakaipeleka Muheza, kisha ikapanda kidogo kidogo hadi Moshi. Kwa miaka mingi ilikuwa njia ya peke yake, haina undugu na reli ya kati. Baadaye ndipo kikajengwa kipande cha kutoka Mnyusi kwenda Ruvu, na mtu wa Tanga akaweza kulala kwenye treni na kuamka Dar es Salaam. Treni yetu iliondoka hapa alasiri. Ikipita Pongwe, Ngomeni na Muheza, ikifika Mnyusi saa za magharibi, inaunganishwa na mabehewa yaliyotoka Moshi. Hapo watu wa pwani wenye kanga na mikoba ya machungwa walionana kwa mara ya kwanza na watu wa milimani wenye makoti mazito, na kila upande uliuona upande wa pili umevaa vibaya.

Mimi nilianza kama mhudumu wa behewa la kulala, daraja la pili. Siku ya kwanza nilipewa vitu vitatu: ufunguo wa chuma wenye pembe nne, kipande cha chaki, na mtu anayeitwa Mzee Yohana.

Mzee Yohana alikuwa Msambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mkuu wa wahudumu katika safari yetu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kutoa sababu ya jambo lolote. Alitoa amri, sababu ukaitafuta mwenyewe. Aliniambia shuka zikunjwe upindo ukiwa ndani, nikaja kugundua baada ya mwezi kwamba upindo ndio unaochafuka kwa masizi. Aliniambia nisimwamshe abiria kwa kumgusa bega, nigonge kitanda karibu na miguu. Hiyo niliielewa siku niliyomgusa bega askari mmoja aliyekuwa anaota. Meno yangu mawili ya mbele mnayoyaona si ya kuzaliwa.

Chaki ilikuwa ya kuandikia mlangoni. Kila abiria anayeshuka njiani uliandika herufi ya stesheni yake nje ya chumba, na idadi ya watu, ili ukipita gizani na taa ujue nani wa kumwamsha wapi. Msidharau chaki. Siku hizi mna orodha kwenye simu, na simu huisha chaji.

Halafu kulikuwa na kengele. Ilikuwa ya shaba, ya mkono, ya behewa la mkahawa. Mhudumu alipita nayo ukumbini, ile njia nyembamba mbele ya vyumba, kuwaita watu kwenye chakula cha jioni. Lakini mwezi wa Ramadhani, robo tatu ya abiria wetu waliotoka Tanga walikuwa wamefunga, na kengele ile ikageuka kuwa ya futari. Haikuandikwa popote. Ilianza kabla yangu, na watu waliizoea. Ndani ya treni husikii adhana. Redio za betri zilikoroma tu mara tunapoingia nyuma ya milima. Kwa hiyo watu waliweka tende mkononi, wakafunga milango ya vyumba vyao, wakasikiliza kengele.

Kuhusu kengele hiyo Mzee Yohana alikuwa na amri moja. "Usipige tukiwa chini ya Magoroto. Ngoja bonde la Lwengera lifunguke, utazame magharibi, ndipo upige."

Naye hakuwa anafunga. Mwezi mzima alikula kwa kujificha kwenye chumba cha shuka, mlango umefungwa kwa ndani, na ukigonga ulisikia anameza haraka. Hakutaka abiria wamwone akitafuna. Mimi, kijana wa madrasa ya Ngamiani, niliona ajabu Mlutheri wa Bumbuli anifundishe mimi wakati wa kufuturu. Nilijisemea kwamba mtu asiyefunga hajui uchungu wa dakika tano za mwisho. Nilikuwa na kiburi, na nasema hivyo sasa kwa kuwa wakati ule nilikiita elimu.

Siku ninayotaka kuwasimulia, treni ilichelewa kuondoka Tanga kwa sababu ya kichwa cha treni kibovu. Nilikuwa mlangoni napokea abiria. Akaja bibi mmoja, mwembamba, amejitanda kanga, anashikwa mkono na mchukuzi. Jina lake Bi Mwanamkuu, anakwenda kwake Mnyusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wee ndo' mtu wa kengele?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Mie macho sina, hata mwanga siuoni. Jua likichwa n'tajuaje? Macho yangu leo n'kengele yako."

"Usiwe na wasiwasi, bibi."

"Sina wasiwasi. Nakwambia tu ujue. Siku zangu zote nshazilipa, mpaka za uzazi. Sina deni na Mungu hata la siku moja, na sitaki kulianzia garimoshini."

Nikacheka, naye akacheka. Hakutaka kwenda chumbani kwa kuwa safari yake ilikuwa fupi. Nikamkalisha ukumbini, kwenye kile kiti changu cha kukunja, karibu na dirisha. Ukumbi wa behewa letu siku hiyo ulikuwa upande wa magharibi, vyumba upande wa mashariki. Kumbukeni hilo.

Tulipotoka Muheza, jua likaingia nyuma ya milima ya Magoroto na kivuli kikatufunika. Ndani ya behewa kukawa na giza la kutosha kuwasha taa. Watu wakaanza kuchungulia milangoni. "Bado tu, bwana kengele?" "Wee wataka tufe?" Mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa amekwisha kumimina uji wa pilipili manga kwenye kikombe, harufu yake imejaa ukumbi mzima. Nikatazama saa yangu. Wakati umefika, na umepita kwa dakika moja.

Nikapiga kengele.

Nikapita nayo kutoka mwanzo wa behewa hadi mwisho, kwa mbwembwe, na kila mlango nikasikia bismillahi. Bi Mwanamkuu alinipa tende ya kwanza kutoka kwenye leso yake kabla hajala yake. Nikala. Nikanywa maji. Hapo nikiwa na gilasi mkononi ndipo nilipokumbuka kwamba saa yangu nilikuwa nimeisogeza mbele dakika kumi. Niliisogeza mwenyewe wiki ya kwanza ya kazi, nisije nikachelewa nikafukuzwa.

Nikajiambia giza hili si la uongo. Lakini treni ikapinda, mlima ukasogea kando, na bonde la Lwengera likafunguka. Jua lilikuwepo. Si mwanga wa jua, ni jua lenyewe, zima, jekundu, limekaa juu ya ukingo wa milima ya mbele na halina haraka.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo kanuni haina adhabu yake. Abiria wote walikuwa vyumbani, milango imefungwa, wanakula. Nikakimbia ukumbini nikishusha mapazia ya mbao ya madirisha, moja baada ya jingine, ili mtu akifungua mlango asilione jua. Niliyafunga yote ila moja, lile la Bi Mwanamkuu. Nilisema moyoni, huyu haoni.

Jua likampiga shavuni. Alikuwa anatafuna kitumbua. Akaacha kutafuna. Akageuza uso taratibu kuelekea dirishani, akakaa hivyo, kisha akakifunga kile kitumbua kilichobaki kwenye leso, akakitia kwenye kikapu chake. Nilidhani ameshiba. Wazee hawali sana.

Tulipoingia Mnyusi, jua lilikuwa limekwisha kuzama kweli. Nikamteremsha. Pale chini aliushika mkono wangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akasema, "Haya, mwanangu." Nikasema, "Haya, bibi." Mwanamke mmoja akaja kumpokea.

Kuunganisha mabehewa ya Moshi kulichukua muda mrefu, kama kawaida yake. Muda huo wote Bi Mwanamkuu alisimama pale pale jukwaani, uso umeelekea behewani kwetu. Nilipita karibu naye mara mbili nikiwa na ndoo ya maji. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilijiambia anangoja usafiri wa kwenda nyumbani, na kwamba nikimwambia mbele ya watu nitampa fadhaa. Ukweli ni kwamba niliona haya na niliogopa, basi. Filimbi ikapigwa, nikapanda.

Tulipotoka Mnyusi, Mzee Yohana akapita ukumbini akasimama. "Nani kafunga madirisha na joto hili?"

Nikamweleza yote. Sikujua nitaanza vipi, kwa hiyo nilianza na saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua pazia moja, akatazama nje ambako hakukuwa na kitu cha kutazama tena.

"Mimi si Mwislamu," akasema. "Huko kwenu mtu akila kabla ya wakati bila kujua, inakuwaje?"

"Analipa siku ile. Baada ya Idi."

"Na asipoambiwa?"

Nikaitazama kengele.

"Uliwaita kwa kengele," akasema. "Kawaite tena."

Nilipita mlango kwa mlango. Nilikuwa na ile kengele mkononi, bila kuipiga, kwa kuwa Mzee Yohana alinikataza kuiweka chini. Kila chumba niligonga, nikatoa salamu, nikasema: nilikosea, jua lilikuwa halijazama, nisameheni, mna siku moja ya kulipa. Mwenye duka la vitambaa alinitukana mpaka akaishiwa, kisha akanipa uji uliobaki. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani alitaka kujua hasa ni dakika ngapi, na alipojua akanieleza hukumu kwa urefu ambao ungetufikisha Ruvu. Mama mmoja mjamzito alicheka, akasema yeye hakuwa amefunga, alikuwa anawaonea haya wenzake tu, nisimwambie mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza namwambia mtu.

Nilipomaliza nikarudi kwa Mzee Yohana.

"Wote?"

"Bado mmoja. Ameshuka Mnyusi. Yule asiyeona."

Akachukua kengele mkononi mwangu, akaifuta kwa kitambaa. "Basi huyo utamfuata mwenyewe," akasema, na hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipostaafu akarudi Bumbuli kwenye migomba yake.

Siku yangu niliilipa mwezi uliofuata. Ya Bi Mwanamkuu ilibaki kwangu. Kila tulipofika Mnyusi nilisimama mlangoni nikitazama jukwaa, nimeyapanga maneno vizuri. Asipokuwepo nilisikitika, na masikitiko yenyewe yalikuwa na ahueni ndani yake, mtanielewa. Kushuka na kumtafuta nilikuwa naweza. Nilikuwa na likizo, nilikuwa na miguu. Nilikuwa nasema safari ijayo.

Kisha safari zenyewe zikaanza kupungua. Lami ilipokaa vizuri, mabasi yakawachukua abiria wetu, mtu anatoka Tanga asubuhi na mchana yuko Dar. Mabehewa yakapungua, siku za wiki zikapungua, mpaka siku moja treni ya abiria ya Tanga haikuondoka, na hakuna aliyetangaza kuwa ile iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mimi nikawekwa kwenye lango la ghala la mizigo. Nilikaa pale miaka mingi na ufunguo wangu wa pembe nne mfukoni, ambao haukufungua chochote.

Treni ya kutoka Dar kwenda kaskazini iliporudi, wakanitafuta. Walikuwa wamebaki wachache wanaojua kukunja shuka upindo ndani. Ndipo nilipokutana nanyi. Mlikuwa mnanicheka nilipowazuia kusogeza saa zenu mbele, na nilipowaambia mtazame nje kabla ya kupiga kengele yoyote. Sikuwapa sababu. Nimerithi ubaya huo. Sababu ndiyo hii.

Na Mnyusi tulikuwa tukipita, na mimi bado nikasema safari ijayo, mpaka safari zikaniishia.

Alhamisi ya kwanza baada ya kustaafu, nikapanda basi hadi Hale, nikachukua bodaboda, nikafika Mnyusi jioni. Naam, basi. Chekeni. Nilimuulizia Bi Mwanamkuu asiyeona, dukani, nikaelekezwa nyumba ya bati nyuma ya msikiti. Kibarazani alikaa mama mtu mzima sana anasuka ukili wa mkeka. Nikamjua kwa umbo. Ndiye yule aliyekuja jukwaani kumpokea. Anaitwa Mwanaisha, binti yake.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, baba. N'nani mwenzangu?"

"Mimi nilikuwa mtu wa reli. Wa treni ya zamani. Namtafuta Bi Mwanamkuu."

Mikono yake ikasimama kwenye ukili. "Mama kesha kufa, baba. Zamani hizo."

Nikamwombea rehema. Nikakaa kwenye mkeka bila kuambiwa. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu nyumbani. Mtu anaweza kuhesabu miaka. Lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili, na nililia pale kibarazani, mzee mzima, mbele ya mwanamke nisiyemfahamu.

Akauweka ukili kando, akanitazama. "Wee ndo' wa kengele," akasema.

"Umejuaje?"

"Mama alisema utakuja. Alisema utachelewa, ila utakuja. Siku ile n'liyoenda kumpokea stesheni, namwambia mama twende, giza hilo. Kanambia ngoja kidogo, yuko mtu mle ndani ana neno na mie. Tukasimama mpaka ile treni ikaenda zake. Idi ilipopita, kesho yake tu, kafunga. Namuuliza, wafunga nini mama, wee deni huna? Kanambia ninalo moja, la garimoshini. Ndo' akalilipa."

"Hakukwambia la nini?"

"Hakunambia. N'kauliza hata n'kachoka. Kasema yule kijana akija msimuulize, mpaka aseme mwenyewe." Akaushika tena ukili wake. "Basi mie sikuulizi."

Akaendelea kusuka. Mimi nilikuwa nimebeba maneno yaliyopangwa vizuri kwa miaka karibu arobaini, yenye mwanzo na udhuru na dua mwishoni, na yote yakapotea. Nikasema yaliyobaki.

"Nilipiga kengele jua lingalipo. Nikaliona. Nikafunga madirisha yote watu wasilione, nikaliacha lake kwa sababu haoni."

Mwanaisha hakuinua kichwa. Alisuka mpaka akamaliza ule mchane wa ukindu uliokuwa mkononi, akauchomeka. Kisha akaitazama midomo yangu mikavu.

"Umefunga leo?"

"Nimefunga. Sunna ya Alhamisi."

Akaita ndani, ikaletwa sahani ya tende na kikombe cha maji, ikawekwa mkekani kati yetu. Uani kivuli kilikuwa kimekwisha kufunika kila kitu. Saa yangu ikasema tayari. Nikaivua, nikaitia mfukoni, na wala sikuigusa sahani, naye hakunihimiza. Tukakaa tukingoja mwadhini.